Ski Mpya, na Mguu wa Kutangulia

Jumapili, mwezi wa kumi na moja, mtaa wa Kapata, Kolwezi. Mvua imenyesha asubuhi yote, kisha ikakatika ghafla, na udongo mwekundu wa kiwanja unatoa ile harufu yake ya chuma. Nimechoka. Jana pia nilikuwa nimechoka, na juzi, ila leo kuna la kuandika.

Wasomaji wa zamani wa shajara hii wanaujua mguu wangu. Kwa aliyefika leo: naitwa Solange. Siku za kazi nakaa kwenye kibanda cha mizani, nje kidogo ya Kolwezi. Malori ya mawe ya shaba yanapanda juu ya mizani, nasoma uzito, yanashuka, mengine yanapanda. Siku za mapumziko, kwa miaka mingi, nilikuwa yule mwanamke wa ski wa ziwa Nzilo.

Si ski za theluji. Theluji naijua kwa televisheni tu. Hizi ni za maji: boti inavuta kamba, unashika mpini wa kamba kwa mikono miwili, unainuka kutoka majini na kuteleza juu yake. Wageni walikuwa wanakuja lodge, hoteli ya pale ziwani, kula samaki na kunitazama. Nilikuwa naanza na ski mbili. Nikifika katikati ya ziwa naiacha moja ielee nyuma yangu, naendelea na ile nyingine peke yake, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma yake. Hapo watu walikuwa wanaacha samaki wao sahanini na kusimama.

Halafu mwaka jana, kwenye mvua kama hii, pikipiki ya kukodi niliyopanda iliteleza kwenye tope, njia ya Fungurume, mbele ya lori. Dereva wa lori alifunga breki kwa wakati. Lakini mimi nilikuwa tayari chini, na pikipiki imelalia mguu wangu wa kushoto.

Sasa kuna chuma ndani ya mfupa, chini kidogo ya goti. Plasta ilitoka, magongo yakatoka. Kilichobaki ni watu kuniuliza: "Mama Solange, muguu inaendelea?" Na mimi kujibu: "Inaendelea bien." Nimejibu hivyo hadi mdomo unajibu wenyewe, mimi nikiwa mahali pengine.

Hauendelei vizuri.

Natembea, hilo ni kweli. Napanda ngazi za kibanda bila kushika kitu. Lakini goti halikunjiki hadi mwisho, na nikiliegemea lenyewe peke yake linaanza kutetemeka. Dada anayenifanyisha mazoezi hospitalini aliniambia naweza kurudi majini, kwa ski mbili, polepole, nikilisikiliza goti. Nilipofika nyumbani na kusema "anasema naweza kurudi majini," watu walianza kushangilia kabla sijafika mwisho wa sentensi. Mume wangu Pascal alipiga vigelegele kwenye simu kutoka mpakani Kasumbalesa, kwenye foleni ya malori, mwanaume mzima. Baba yangu, Tata, alikwenda moja kwa moja kutafuta vyombo vyake vya kazi.

Na ndipo ski mpya zikafika.

Zile za zamani zilioza mwaka wote huu niliokaa chini. Madame Yvette, mwenye lodge, alimpa seremala wa Likasi azitumie kama mfano, naye akachonga jozi mpya kwa mti wa mulombwa, nzuri kuliko za mwanzo, laini kama sahani. Zilikuja na basi siku ya Ijumaa, zimefungwa kwa blanketi. Pamoja nazo kulikuwa na vile viatu vya mpira vya zamani, tunavyoviita fiksasyo, vinavyoshika mguu juu ya ubao. Ski zenyewe hazikuwa na tundu hata moja. Madame Yvette hakumpa seremala kazi ya kutoboa. Alisema kazi hiyo ni ya Tata Donat.

Baba aliendesha boti kwenye club ya kampuni, pale ziwani, tangu ujana wake. Club ilipokufa, lodge ikamchukua. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi aliponifunga ski za kwanza. Watu wote waliowahi kusimama juu ya maji ya Nzilo, ni yeye aliyewafungia fiksasyo na kuwapigia kelele kutoka kwenye boti: kunja magoti, nyoosha mikono, usinivutie kamba, acha kamba ikuvute.

Ngoja nieleze kidogo ili msipotee. Kufunga fiksasyo si kuweka skurubu mahali popote. Kuna mambo mawili ya kuamua. La kwanza, kiatu kikae wapi kwenye urefu wa ubao. Ukikisogeza mbele, ski inageuka upesi lakini pua yake inataka kuzama. Ukikirudisha nyuma, pua inakaa juu vizuri, lakini kuinuka kutoka majini kunadai nguvu nyingi. La pili ni mkanda. Kwenye jozi yetu, ski moja tu inapata mkanda wa ziada nyuma ya kiatu, wa kuingiza mguu wa pili pale unapoiacha ski nyingine. Ukiweka mkanda kwenye ski ya kushoto, umesema: mguu wa kushoto ndio utakaotangulia. Na tundu likishatobolewa limetobolewa. Tundu lisilotumika linakunywa maji, na ubao unaanza kuoza kuanzia hapo.

Jana jioni tulizilaza ski juu ya meza ya chakula. Mama, kabla hajafariki, asingekubali hata kidogo. Tata alizibeba moja moja juu ya ukingo wa kiganja mpaka akapata pale zinapokaa sawa bila kuangukia upande wowote, akaweka alama kwa penseli. Halafu, bila kuniuliza, akaweka alama mbili ndogo nyuma, kwenye ski ya kushoto.

"Gauche mbele," alisema. "Kama siku yote."

Aliunganisha mashine ya kutoboa, akabonyeza, kimya. Courant, yaani umeme, ilikuwa imekwenda. Alinung'unika kidogo, akafunika ski kwa blanketi lao na kusema tutamaliza Jumapili baada ya misa. Nilifurahi courant kukatika. Ndiyo, naandika hivyo wazi. Nilikaa pale gizani nikifurahi, na aibu ilinishika.

Leo asubuhi alikwenda misa chini ya mwavuli. Nilimwambia goti linauma kwa sababu ya mvua, na kweli lilikuwa linauma. Nilipobaki peke yangu niliondoa blanketi. Nikachukua kiatu cha kushoto, nikakilaza sakafuni, nikaingiza mguu, nikakunja goti jinsi ninavyokunja nikiwa juu ya ski moja. Goti likakataa, nikashika ukingo wa meza ili nisianguke. Nilijaribu tena, kwa sababu mtu hujaribu tena. Nikakaa chini sakafuni na kiatu cha mpira mguuni, kama mtoto aliyekataa kuvaa cha pili.

Nilichokifikiria pale chini si maumivu. Nilifikiria mwezi wa kumi na mbili, msimu wa wageni utakapofunguliwa upya, Madame Yvette akiwaambia wageni wasogeze viti. Nikaona wiki zote kabla ya hapo: mazoezi, kuanguka, watu wakisema courage, mama, courage. Nilitamani mtu mmoja aniambie: acha.

Hakuna aliyesema. Basi nilibaki mimi wa kusema.

Tata alirudi, courant nayo ikarudi karibu wakati mmoja. Hakuvua hata koti lake la misa. Alichukua mashine, akaijaribu hewani, ikanguruma vizuri.

"Tata, ngoya kwanza," nilisema.

"Nini tena? Courant isharudi, na unaniambia ngoya?"

"Muguu ya kushoto haiwezi tena kutangulia."

"Nani alisema? Docteur?"

"Mi njo nasema. Muguu ni yangu."

Aliweka mashine mezani, polepole, kana kwamba ndiyo inayoweza kuvunjika. "Nilikufundisha gauche mbele. Batu bote ba kule banakujua gauche mbele. Nikitia mukanda ku ile ya kulia, kila mutu ataona."

"Ataona nini, Tata?"

Alitoka nje, uani, akakaa kwenye kibao kando ya ukuta, bado na koti lake. Alichukua kitambaa na kuanza kupangusa ncha za kutobolea, ambazo zilikuwa safi. Nilimtazama kupitia mlangoni. Ana mabega ya mtu aliyekaa mbele ya usukani maisha yake yote, yameinama mbele kidogo. Sijui kwa nini sikumfuata. Labda kwa sababu ningemfuata ningeomba msamaha, na sikuwa na kosa.

Baada ya muda aliingia mwenyewe.

"Simama pale," alisema. "Angalia ku dirisha."

Nilielewa papo hapo anachotaka. Ni jambo analowafanyia wanafunzi wote wapya ili kujua mguu wao wa mbele. Anapita nyuma ya mtu bila kusema neno, anamsukuma kidogo mgongoni, na ule mguu unaotoka kwanza kumzuia asianguke, huo ndio wa kutangulia. Mimi alinifanyia hivyo nikiwa na meno ya maziwa, na kushoto kulitoka kama jiwe la manati.

"Tata, minajua unataka kufanya nini. Kama minajua, haifai."

"Angalia ku dirisha tu."

Nikaangalia. Yeye akangoja. Alingoja sana. Nje jirani yetu alikuwa anarudisha nguo kambani kwa sababu jua limetoka, shuka moja kubwa limemshinda, linamfunga kichwani kila upepo unapopuliza. Anapambana nalo, analitukana kwa Kilunda. Nilianza kucheka peke yangu.

Nikasukumwa.

Mguu wa kulia ulitoka. Ulitoka haraka, wenyewe, ukakanyaga sakafu kwa kishindo kabla sijajua kwamba naanguka. Kushoto kulibaki nyuma, kumejificha.

Sote wawili tuliutazama ule mguu kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.

"Kumbe," Tata alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Mwili yako ilishachagua zamani. Ni sisi tulikuwa tunabishana bure."

Nilidhani yameisha. Lakini alipita mbele yangu, akasimama pale pale niliposimama, uso dirishani, mikono pembeni.

"Na mi. Nisukume."

"Tata, weye unajua muguu yako."

"Sijue."

"Namna gani haujue? Miaka yote ile?"

"Sijapandaka ski hata siku moja, mama."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Alisema bila kugeuka, akiangalia lile shuka la jirani. Akaeleza, na nayaandika kama alivyoyasema, nisije nikayasahau: "Mu wakati ya club, ski ilikuwa ya bakubwa na bibi yabo. Sisi ilikuwa moteur na kamba. Kisha bakubwa bakaenda, nikasema sasa nitajaribu. Nikafika kando ya maji. Lakini mi sijue kuogelea."

Maisha yangu yote, shajara. Maisha yangu yote nimewaambia watu: Tata ndiye aliyenifundisha, kwa hiyo wakadhani, na mimi nikadhani, kwamba kuna wakati kabla ya kuzaliwa kwangu alipokuwa akiruka mawimbi kama mimi. Kumbe yale yote aliyonipigia kelele, magoti, mikono, kamba, aliyapata kwa kutazama nyuma kutoka kwenye kiti cha boti. Aliyachuma kwa macho. Na kila siku alikwenda katikati ya maji yale yenye kina, akijua akidondoka hatoki, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Nilimsukuma. Nilikuwa na woga, nikamsukuma kidogo mno, hakusogea. "Na nguvu," alisema. Nikamsukuma tena. Kushoto kukatoka.

"Gauche!" Aligeuka na uso ambao sijauona tangu Mama afariki. "Niko gauche!"

Akautazama mguu wake ndani ya kiatu cha misa, akaugonga gonga sakafuni, kama mtu anayejaribu mguu uliotoka dukani.

Sikutaka kuiharibu dakika ile. Lakini nilijua nisiposema wakati huo sitasema tena. Alikuwa tayari anachukua penseli, anataka kuhamisha alama za mkanda kwenda ski ya kulia. Nikaweka mkono juu ya ubao.

"Tata, sitaki mukanda. Hata ku ya kulia."

"Namna gani?"

"Tutie biatu biwili tu. Kimoja huku, kimoja huku. Basi."

"Ski bila mukanda ni ya bageni. Ni ya batu banajifunza."

"Basi niko mugeni."

Nilijua anatafuta neno la kunitia moyo, analo kila siku, ana mengi. Nilijikaza kulipokea.

"Unachoka, mama?" aliuliza.

"Ninachoka, Tata."

Ndivyo ilivyotoka. Bila machozi. Tangu siku ya pikipiki watu wameniuliza kuhusu mfupa, kuhusu goti, kuhusu chuma, kuhusu lini. Hilo hakuna aliyeniuliza.

Hakusema pole. Alilowesha kidole gumba kwa ulimi, akazifuta zile alama mbili za nyuma, akasugua mpaka mti ukabaki safi.

Halafu tukaanza kazi, na kwenye kazi Tata ni Tata. Tulibishana kuhusu mahali pa viatu. Yeye alitaka kurudisha nyuma kidogo ili pua isinizamie. Nilimwambia siku hizi sina nguvu za kujiinua na pua nzito angani, goti litakataa mwanzoni kabisa. Akawaza, akabeba tena ski juu ya kiganja, akasema basi tuweke pale pale zinapokaa sawa, si mbele si nyuma, tuone maji yatasemaje. Nilishika ubao kwa mikono miwili, yeye akatoboa. Mtetemo uliingia mikononi mwangu hadi mabegani. Unga wa mulombwa, mwekundu kidogo, ukamwagika juu ya kitambaa cha meza. Aliziba kila tundu kwa gundi ya seremala kabla ya kuingiza skurubu, kama alivyofanya siku zote, ili maji yasipate njia.

Alasiri mbingu ilikuwa safi. Tata alisema ski ambayo haijaguswa na maji ni ubao tu, twende. Tukampigia Madame Yvette, akatuma gari.

Ziwa limeshuka mwaka huu. Kingo ni tope jekundu, na ile miti mikavu iliyozama zamani, bwawa lilipojengwa, imetoa vichwa mbali kule upande wa pili. Wageni walikuwa wachache, kwenye meza mbili. Tata alikaa kwenye usukani. Madame Yvette alikaa kinyumenyume nyuma yake, anitazame mimi, kama sheria ya boti inavyotaka. Kabla hatujaondoka nilimtazama Tata kwa macho mapya na nikamwomba avae jaketi la kuelea. Alinikazia macho, nisije nikamfichua mbele ya Madame Yvette. Nikasema kwa sauti: "Mvua inaweza kurudi, Tata." Akalivaa.

Maji yalikuwa baridi. Mara ya kwanza nilianguka kabla sijainuka, ski zikatawanyika, maji yakanijaa puani. Madame Yvette aliinua mkono, Tata akazunguka, akanirudishia kamba. Hakupiga kelele. Hakusema magoti, hakusema mikono.

"Sema kitu!" nilimwambia.

"Nitasema nini?" alijibu kutoka kule juu. "Mi sijue kitu."

"Sema tu ile ya siku yote!"

Kisha ile sauti ikaja, ya zamani, ya kupasua injini: "Kunja magoti! Usivute kamba! Acha kamba ikuvute!"

Nikaiacha ikanivuta.

Niliinuka vibaya, matako nyuma, kifua mbele, kama mgeni yeyote wa siku ya kwanza. Goti la kushoto lilitetemeka, lakini halikuwa peke yake, kulia kulikuwa pembeni kumebeba nusu. Pua za ski zilikaa juu ya maji, si sana, vya kutosha. Tukaenda moja kwa moja kuelekea ile miti, tukazunguka kwa upana mkubwa, nikarudi mpaka mbele ya lodge. Hakuna mgeni aliyeacha samaki wake. Mwanamke mmoja alinitazama kidogo, akarudi kwenye sahani.

Nilidhani itaniuma. Haikuniuma. Nilisikia upepo tu, na mapaja yakiwaka, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sikuwa nawaza mtu yeyote anawaza nini.

Nilipotoka majini Madame Yvette alinipa taulo. Ni mwanamke mwema, ila ana msimu wa kufungua.

"Solange, c'est bien. Kabisa. Sasa mwezi wa kumi na mbili, utaacha moja?"

"Hapana, Madame."

"Hata kidogo tu, kwa picha?"

"Hapana. Nitafundisha bageni kusimama na mbili, kama unataka. Spectacle ya kuonyesha batu, hapana."

Alitazama maji. "Bageni banakuja juu ya kukuona, unajua."

"Minajua."

"Lakini muguu ilipona. Donat, si ulisema muguu ilipona?"

Tata alikuwa anafunga boti kwenye gati. Nilimwona anakaza fundo, analifungua, analikaza tena. Wafanyakazi wawili wa jikoni walikuwa karibu, na wageni wale walikuwa wanasikia. Nilijiandaa kumwokoa, nilikuwa na neno mdomoni.

Akasimama wima na lile jaketi la rangi ya chungwa.

"Madame, mutoto yangu alivunjika," alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaja saa. "Leo anapanda na mbili. Fiksasyo nilifunga mi mwenyewe."

Madame Yvette alisema ataliwaza. Sijui atawaza nini. Huenda atatafuta msichana mwingine mwenye magoti mawili mazima, na atakuwa na haki yake. Nikifikiria hivyo kitu kinanibana, siwezi kukataa. Lakini hakinibani kama nilivyoogopa pale sakafuni asubuhi.

Pascal amepiga simu jioni hii. Foleni bado haijasogea, amelala ndani ya lori.

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

"Na moja?"

"Na mbili."

Nasikia injini za wenzake. Kisha: "Basi ukae mezani na batu, tukuwe tunakula samaki pamoja. Siku zote nilikuwaka nakula peke yangu, weye uko ku maji." Nimecheka mpaka goti likauma zaidi.

Sasa limevimba. Nimelifunga kwa kitambaa chenye barafu ya mama jirani anayeuza vinywaji, yule yule wa shuka. Tata amelala kwenye kiti, mdomo wazi, bado amevaa viatu vyake vya misa, tope la ziwa limekauka juu yavyo. Kesho malori yananingoja kwenye mizani, na yatanikuta.

Jumamosi sijui kama nitapanda ski. Itategemea goti, na mvua. Ila nitamwingiza Tata majini, kando kabisa, pale ambapo miguu inagusa chini, nimwekee mkono mgongoni mpaka aelee. Atanikasirikia. Atasema umri umepita. Nitampigia kelele kama alivyonipigia.

Nimechoka, shajara. Ila uchovu wa leo niliutafuta mwenyewe.